Majaribio ya dawa ya Parkinson: nani anaingia, nani anabaki mlangoni?

Watu 19 tu. Ndio walioingia katika majaribio mawili ambayo matokeo yake yalitangazwa siku moja, tarehe 16 mwezi wa nne 2025, katika gazeti la kisayansi Nature. Watu 7 walipasuliwa Kyoto, Japani. Wengine 12 walipasuliwa Marekani na Canada. Wote waliwekewa ndani ya ubongo chembe hai zilizotengenezwa katika maabara, ili zichukue nafasi ya zile zilizokufa juu ya ugonjwa wa Parkinson.

Habari ya namna hiyo haikawii kufika kwenye simu za Goma, Bukavu, Uvira, Bunia na Lubumbashi. Inapofika, imekwisha kupunguzwa na kuwa maneno machache: "Dawa ya Parkinson imepatikana." Na jamaa yenye mzee anayetetemeka mikono inauliza swali la haki: na yeye anaweza kuingia?

Kwa leo, jibu ni hapana. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi. Kuna sababu za kumkatalia mgonjwa ambazo zinamlinda yeye mwenyewe, na kuna sababu ambazo hazimlindi mtu yeyote, zinafunga tu mlango mbele ya maskini, mkaaji wa kijijini na Mwafrika. Anayechanganya aina hizo mbili anaweza kukosea mara mbili: kupigania kuingia fasi ambayo ingemdhuru, au kunyamaza fasi ambayo alikuwa na haki ya kudai.

Ugonjwa wenyewe

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo. Chembe zinazotengeneza dopamini, maji ya kemia yanayosaidia mwili kutembea na kugeuka kwa wepesi, zinakufa polepole. Mgonjwa anaanza kuwa mzito: kufunga vifungo vya shati kunachukua muda, maandishi yanakuwa madogo, mkono mmoja hauchezi tena wakati wa kutembea, uso unakauka kama mtu aliyekasirika. Wengi wanatetemeka mkono ukiwa umepumzika, lakini si wote. Kisha viungo vinakuwa vigumu, na miaka ikipita mgonjwa anaanza kuanguka.

Muganga Mwingereza James Parkinson aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8,5 walikuwa nao duniani, na kwamba hesabu hiyo imeongezeka mara mbili katika miaka 25. Congo inamkumbuka mgonjwa mmoja kuliko wote: Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman Kinshasa tarehe 30 mwezi wa kumi 1974 mbele ya umati uliokuwa ukipiga kelele jina lake. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, waganga walimwambia kwamba ana Parkinson. Aliishi nayo zaidi ya miaka 30, mpaka kifo chake mwaka 2016.

Mpaka leo hakuna dawa inayoponyesha ugonjwa huu wala inayousimamisha. Ile inayosaidia zaidi ni levodopa, inayotumiwa tangu miaka ya 1960. Inarudisha mwendo, inarudisha sauti, inampa mgonjwa miaka ya kufanya kazi na kula na wenzake. Lakini kadiri ugonjwa unavyosonga mbele, nguvu ya kila kidonge inadumu muda mfupi zaidi, na mwili unaanza kucheza wenyewe bila mgonjwa kutaka. Ndio sababu wanasayansi wanaendelea kutafuta.

Jaribio la kwanza si matibabu

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba jaribio la awamu ya kwanza ni hospitali nzuri zaidi kuliko ya kawaida. Awamu ya kwanza haiulizi kwanza kama dawa inaponyesha. Inauliza kama dawa inaumiza, na kwa kipimo gani. Mtu anayeingia humo anatoa mwili wake ili wengine wajue. Akipata nafuu, ni faida ya ziada. Hakuna aliyemwahidi.

Hatari si ya maneno. Mwaka 2006, kwenye hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita wenye afya nzuri walipewa kwa mara ya kwanza dawa iliyokuwa imejaribiwa kwa wanyama tu. Baada ya muda mfupi wote sita walikuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vyao vikishindwa kufanya kazi. Tangu siku hiyo masharti ya majaribio ya kwanza yamekazwa zaidi.

Kwa Parkinson, historia nayo inafundisha. Majaribio ya kuweka chembe katika ubongo hayakuanza jana. Mwaka 1987, huko Lund, Uswidi, waganga walianza kuwawekea wagonjwa chembe zilizotolewa kwa mimba zilizotoka. Baadhi yao walipata nafuu ya ajabu, na matumaini yakapanda. Kisha Marekani wakafanya jaribio kali zaidi, lililotangazwa mwaka 2001: wagonjwa 40 wa umri wa miaka 34 mpaka 75, nusu wakiwekewa chembe, nusu wakitobolewa tu mfupa wa kichwa bila kuwekewa kitu. Wagonjwa wa miaka 60 na chini walionyesha nafuu fulani. Wazee zaidi hawakuonyesha. Na kwa asilimia 15 ya wale waliowekewa chembe, mwili ulianza kujinyonga na kucheza bila kusimama, hata walipopunguziwa au kuondolewa dawa.

Kwa hiyo waganga wa leo wanapouliza umri, muda wa ugonjwa na namna mwili unavyopokea levodopa, hawatafuti visingizio. Wanafuata somo lililolipwa na wagonjwa wa zamani.

Wanaoingia ni akina nani

Mfano wa Kyoto uko wazi. Kikundi cha profesa Jun Takahashi kilichukua wagonjwa wa miaka 50 mpaka 69, ambao dawa za kawaida hazikuwatosha tena, lakini ambao mwili wao ulikuwa bado unajibu levodopa. Sharti hili la mwisho linashangaza wengi: kwa nini kuchukua anayesaidiwa na dawa, na kumwacha yule ambaye dawa haimsaidii kabisa? Sababu ni kwamba levodopa ni kipimo cha ukweli. Mtu anayetetemeka na kuwa mzito lakini hapati nafuu yoyote kwa levodopa, mara nyingi hana Parkinson ya kweli. Ana ugonjwa mwingine unaofanana nayo, na chembe za dopamini hazingemsaidia kitu.

Kwa majaribio ya aina hii, kwa kawaida wanaachwa nje pia watu ambao akili yao imeanza kupotea, waliokwisha kupasuliwa ubongo au kuwekewa nyaya za umeme kichwani, wenye kansa, wenye mimba, na wale wasioweza kuingia katika mashine ya IRM. Kila sharti lina maana yake. Aliyepoteza kumbukumbu hawezi kukubali kwa kuelewa. Aliyekwisha kupasuliwa atachanganya hesabu, hakuna atakayejua ni upasuaji gani uliomsaidia. Bila IRM, muganga hawezi kujua sindano imefika wapi.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kivu anapaswa kulishika vizuri. Chembe zilizowekwa zilitoka kwa watu wengine, na mwili unaweza kuzikataa. Kwa hiyo wagonjwa walipewa dawa za kupunguza kinga ya mwili: mwaka mmoja kwa wale wa Marekani na Canada, na zaidi ya mwaka kwa wale wa Kyoto. Mtu ambaye kinga yake imepunguzwa namna hiyo akiwa na kifua kikuu kilicholala, au homa ya ini, au virusi vya SIDA, anaweza kufa kwa ugonjwa ambao haukuwa ukimsumbua. Congo ni mojawapo ya inchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Malaria iko kila kartie. Kumwingiza mgonjwa wa Masisi au wa Fizi katika jaribio la namna hiyo bila maandalizi, kwa jina la usawa, kungekuwa ukatili.

Matokeo yenyewe yanaeleza kwa nini tahadhari ilifaa. Kyoto hawakuona madhara makubwa katika miezi 24, na kwa wagonjwa 6 waliopimwa nafuu, 4 walitembea na kugeuka vizuri zaidi wakiwa bila dawa. Kwa wale 12 wa Amerika ya Kaskazini, hakuna madhara makubwa yaliyotokana na chembe zenyewe katika miezi 18. Ni habari njema. Lakini hakukuwa na kikundi cha kulinganisha, na watu 19 hawatoshi kwa kutangaza dawa. Ndio maana hatua inayofuata inadai upasuaji wa kuigiza, ambapo wagonjwa wengine watalazwa, watatobolewa kidogo, na hawatawekewa chembe.

Congo inajua masharti yanaweza kuwa tofauti

Kuna watakaosema: kama masharti ni ya sayansi, basi hakuna la kuzungumza, waganga waachwe wafanye kazi yao. Hapo wanakosea, na Kivu ya Kaskazini inaweza kutoa ushahidi.

Mwezi wa kumi na moja 2018, katikati ya Ebola, jaribio lililoitwa PALM lilianza chini ya uongozi wa profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na washirika wa kimataifa. Dawa nne zililinganishwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Nani aliruhusiwa kuingia? Karibu kila mtu ambaye kipimo kilionyesha kwamba ana virusi: mtoto, mzee, mama mwenye mimba. Wagonjwa 681 waliingia. Mwezi wa nane 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zinaokoa watu kuliko nyingine. Moja kati ya hizo, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Kwa nini mlango ulikuwa wazi namna hiyo? Sababu Ebola inaua kwa siku chache, kila mgonjwa alipewa dawa fulani, na kumwacha mtu nje kulikuwa sawa na kumwacha afe. Parkinson haiko hivyo. Mgonjwa ana miaka mbele yake, na jaribio baya linaweza kuiharibu miaka hiyo. Kwa hiyo masharti hayatoki mbinguni. Yanatokana na hesabu ya hatari na faida, na hesabu hiyo watu wanaweza kuidai ifanywe mbele yao.

Mfano wa chanjo ya Ebola unaonyesha hivyo tena. Mwanzoni wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha walikatazwa kuchanjwa, kwa nia ya kuwalinda. Lakini virusi havikuwalinda. Baada ya mabishano marefu, mwezi wa sita 2019 Congo ilianza kuwaruhusu wanaonyonyesha na wenye mimba iliyopita miezi mitatu ya kwanza. Waliofunga mlango walikuwa na nia njema. Waliouliza kwa nini umefungwa ndio waliokuwa na haki.

Milango isiyomlinda mtu

Sasa yafaa kutazama milango ya aina ya pili, ile isiyoandikwa katika karatasi ya masharti.

Mlango wa kwanza ni kutambuliwa kwa ugonjwa. Hakuna anayeingia katika jaribio la Parkinson bila muganga kuandika kwamba ana Parkinson. Ni jambo dogo Paris au Toronto. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu watu zaidi ya 161 000. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Kama ni hivyo chini ya Kilimanjaro, fasi penye amani na barabara, kwa Walikale au Shabunda hali haiwezi kuwa nzuri zaidi. Mzee anapoanza kuwa mzito, jamaa inasema ni uzee. Akianza kutetemeka, wengine wanasema amelogwa, au amekula karuho. Anapelekwa katika chumba cha maombi, kisha kwa muganga wa kienyeji, na pesa ya mbuzi inaisha kabla hajafika hospitali. Anapofika, infirmier mwenye moyo mwema hajafundishwa kuutambua ugonjwa huu, na muganga wa ubongo wa karibu yuko mbali kwa siku nzima ya barabara mbaya, au kwa ndege.

Mlango wa pili ni wakati. Majaribio mengine hayatafuti wagonjwa wa muda mrefu. Yanataka wale wa mwanzo kabisa. Jaribio la dawa prasinezumab, lililochukua watu 316, lilidai mtu awe ametambuliwa ugonjwa ndani ya miaka 2 tu, awe bado hajaanza levodopa, na picha maalumu ya ubongo ionyeshe upungufu wa dopamini. Ghana, watafiti walikuta wagonjwa walikuwa wamekaa na ugonjwa zaidi ya miaka 4 kabla ya kuanza levodopa, wakati wale wa Italia waliokuwa wakilinganishwa nao walikaa miaka 2 na nusu hivi. Mwafrika huyo anapofika kwa muganga, muda wa "mwanzo" umekwisha kupita. Hakuchelewa kwa uvivu. Alicheleweshwa.

Mlango wa tatu ni shule na lugha. Ili kujua kama akili ya mgonjwa iko sawa, waganga wengi wanatumia mtihani ambao ndani yake mtu anaombwa kuchora saa na kunakili mchoro wa sanduku lenye pande zote. Mama wa Rutshuru aliyelima maisha yake yote, anayejua kwa kichwa madeni ya soko lote, anaweza kushindwa kuchora sanduku hilo kwa sababu hakushika kalamu utotoni. Karatasi itasema akili yake imepungua. Karatasi itakuwa imesema uongo. Kuna mitihani iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasiosoma. Kutoitumia ni kuchagua.

Mlango wa ine ni damu yenyewe. Kwa miaka mingi, utafiti wa urithi wa Parkinson ulifanywa hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023, kazi kubwa iliyoongozwa na watafiti wa Nigeria, London na Marekani, akiwemo profesa Njideka Okubadejo wa Lagos, ilionyesha badiliko katika jeni iitwayo GBA1 ambalo liko kwa watu wengi wenye asili ya Afrika na karibu halionekani kwa Wazungu. Mtu mwenye nakala moja anaongezewa hatari ya kupata Parkinson mara 1,5 hivi. Mwenye nakala mbili, mara 3,5. Kuna dawa zinazotengenezwa hasa kwa ajili ya wagonjwa wenye jeni ya GBA1 iliyobadilika. Kama zinajaribiwa kwa Wazungu peke yao, ambao badiliko lao ni jingine, nani atajua kama zinafaa kwa mtu wa Kano, wa Kindu au wa Kalemie?

Mlango wa tano ni mkubwa kuliko yote: levodopa. Jaribio linadai mgonjwa awe amezoea dawa ya kawaida na mwili wake uwe unaijibu. Asiyewahi kuimeza hawezi hata kuanza kujibu swali la kwanza. Levodopa iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima, na si dawa mpya wala ya siri. Lakini katika mashariki ya Congo, kuipata katika farmasi mwezi kwa mwezi ni kazi ngumu, na mgonjwa anailipa kwa mfuko wake. Vita vimeongeza mzigo. Tangu Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa 2025, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa na njia za dawa zikawa ndefu. Mgonjwa wa Parkinson akikatiwa dawa ghafla anaweza kushindwa kumeza, kugeuka kitandani na kupumua vizuri. Mtu huyo katika kambi ya wakimbizi hafikirii Kyoto. Anafikiria kidonge cha kesho asubuhi.

Wanaofungua mlango kwa pesa

Hapo ndipo wanapotokea wachuuzi wa matumaini. Kila mara sayansi ya kweli inapotoa habari njema kuhusu chembe shina, duniani kunazuka kliniki zinazouza sindano za "chembe" kwa maelfu ya dola, bila ruhusa na bila kufuatilia mgonjwa. Masharti yao ni mepesi: kuwa na pesa. Hawaulizi umri, hawaulizi kifua kikuu, hawaulizi kama mwili unajibu levodopa. Wepesi huo wenyewe ndio alama ya udanganyifu.

Jamaa inayofikiria kuuza shamba kwa ajili ya safari ya namna hiyo ishike mambo machache. Jaribio la kweli halimwombi mgonjwa kulipia dawa inayojaribiwa. Limeandikwa katika daftari la wazi, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma kwa intaneti bila malipo, na Afrika ina lake pia. Limepita mbele ya kamati ya maadili. Mgonjwa anapewa karatasi ya maelezo kwa lugha anayoielewa, anaruhusiwa kwenda nayo nyumbani na kuuliza, na anaweza kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Na hakuna mtafiti mwaminifu atakayesema: "Utapona."

Kuna tishio jingine la upande wa pili. Siku moja kampuni inaweza kuja Congo, si kwa sababu inawapenda wagonjwa wa Congo, ila kwa sababu ni wengi, hawana dawa, na watakubali upesi. Mtu asiye na levodopa akiambiwa "ingia hapa utapata kidonge bure", hajachagua. Amesukumwa. Azimio la Helsinki, lililoandikwa na chama cha waganga wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa tena mwezi wa kumi 2024, linasema utafiti kwa watu wanyonge unakubalika tu kama unajibu mahitaji yao ya afya na kama wao wenyewe watafaidika na matokeo. Linasema pia kwamba kuwaacha nje kunaweza kuendeleza tofauti zilizopo. Maneno hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja: wasitumiwe, na wasisahauliwe.

La kufanya sasa

Si haki kudai leo upasuaji wa ubongo wa majaribio ufanywe Goma au Bunia wakati mgonjwa hana kidonge cha miaka 60 iliyopita. Lakini si haki pia kungoja mpaka dawa mpya ikamilike Ulaya, Japani na Marekani, kisha kuuliza kama inafaa kwa Wakongomani. Kuna kazi inayoweza kuanza bila maabara ya kifahari.

Ya kwanza, Wizara ya Afya na maeneo ya afya ya mikoa yawafundishe infirmiers na waganga wa vituo vya afya kuitambua Parkinson kwa macho na mikono: mwendo mzito, mkono usiocheza, mtetemeko wa kupumzika, viungo vigumu. Utambuzi huo hauhitaji mashine, unahitaji mtu aliyefundishwa.

Ya pili, levodopa ipatikane kwa bei ambayo familia ya mwalimu au ya mkulima inaweza kulipa, na akiba yake ilindwe wakati wa vita kama zinavyolindwa dawa za kifua kikuu na za SIDA. Bila hiyo, mazungumzo yote ya majaribio ni hadithi za watu wengine.

Ya tatu, kuwe na daftari la wagonjwa. Inchi isiyojua wagonjwa wake wangapi wana Parkinson, wa umri gani, tangu lini, haiwezi kukaa mezani na watafiti. Nigeria ilihesabu watu wake, ikachukua damu yao kwa ruhusa yao, na leo sauti yake inasikika. Congo ina vyuo vikuu, ina Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Biomedikali, na ina uzoefu wa majaribio katika mazingira magumu ambao inchi tajiri hazina. Waliofanya PALM huku risasi zikilia hawawezi kuambiwa kwamba kuhesabu wagonjwa wanaotetemeka ni kazi iliyowazidi.

Ya ine, kamati za maadili zisiulize tu kama jaribio ni salama kwa wanaoingia. Ziulize pia kila sharti la kumwacha mtu nje linamlinda nani. Kifua kikuu: sawa, kinga itapunguzwa. Mimba: sawa, lakini mpaka lini, na nani atatafuta jibu? Mtihani wa kuchora: hapana, tafuteni mwingine. Kuishi mbali na mji: hapana, lipeni safari.

Ya tano inahusu jamaa zenyewe. Mzee anayekuwa mzito na kutetemeka si mchawi, wala hajalogwa, wala si lazima awe amepewa karuho. Apelekwe hospitali mapema, mbele ya kumaliza mbuzi na mashamba. Mwaka unaopotea katika vyumba vya maombi ni mwaka ambao levodopa ingempa wa kutembea, na ni mwaka unaomwondoa katika hesabu ya wale ambao dunia inawatafuta kwa majaribio ya mwanzo.

Wale watu 19 wa Kyoto, Marekani na Canada walikubali hatari ambayo wengi wangeikimbia, na wanastahili heshima. Masharti yaliyowachagua yalikuwa makali, na ilifaa yawe makali. Lakini kabla ya kufika kwenye masharti hayo kila mmoja wao alikuwa amekwisha kupita kwa muganga aliyemtambua, farmasi iliyomuuzia dawa, na barabara iliyomfikisha hospitali. Milango hiyo mitatu haidai ugunduzi wowote. Inadai bajeti, na wanaotakiwa kuipiga kura wanajulikana.